Feni ya umeme badala ya feni ya mkanda kwenye pikapu: kabla hujang'oa soma hapa

Swali lenyewe nalifupisha. Jamaa ana pikapu ya petroli, injini lita 4, feni ya rejeta inazungushwa na mkanda kupitia klachi ya feni, alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) ni ya ampea 80. Kwenye foleni mshale wa temprecha unapanda, akipata barabara ya wazi unashuka wenyewe. Anabeba mzigo mzito na njia yake ina milima. Fundi kamwambia ang'oe hiyo feni aweke ya umeme, eti gari itakuwa nyepesi, mafuta yatapungua na habari ya kuchemsha itaisha. Anauliza afanye au aache, na kama anafanya aanzie wapi.

Mkuu, kwa gari unayoielezea mi ningesema usiing'oe bado. Sio kwamba feni ya umeme ni mbaya, hapana, magari madogo karibu yote yanatembea nazo na hayachemshi. Ila dalili ulizotaja zinaonyesha kitu kingine ambacho naona hakuna aliyekigusa. Gari inayochemsha ikiwa imesimama halafu inapoa ikikimbia, mara nyingi rejeta inapitisha maji vizuri tu, kinachokosekana ni upepo, na gari ikisimama upepo unaletwa na feni peke yake. Ingekuwa kinyume, yaani kwenye foleni iko poa ila ukishika mwendo mshale unapanda, ningekwambia achana na feni kabisa kaangalie rejeta iliyoziba, hozi ya chini inayonywea pampu ikivuta, thamostati (kivavu kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) isiyofunguka yote, au gasketi ya silinda hedi. Kwako wewe ni feni. Na feni ya mkanda yenyewe haina cha kufa, ni mapanga tu, kinachokufa ni klachi yake.

Hiyo klachi ni lile dude la duara katikati ya feni lenye mapezi ya aluminiamu. Ndani kuna oili nzito ya silikoni, mbele kuna springi bapa iliyojiviringisha. Upepo unaotoka kwenye rejeta ukiwa wa moto springi inajizungusha kidogo inafungua kivavu, oili inaingia upande wa kazi, feni inashika. Upepo ukipoa kivavu kinafunga, oili inarudi kwenye chumba chake, feni inateleza inazunguka kivivu. Hata ikishika vizuri haifiki mzunguko wote wa pampu, lazima iteleze kidogo, hiyo ni kawaida. Sasa ikizeeka oili inavuja taratibu au springi inachoka, na hapo feni inakuwa ya urembo, unaiona inazunguka kila siku injini ikiwaka kwahiyo huna wasiwasi nayo, kumbe haivuti kitu.

Kuipima hakuhitaji mashine. Asubuhi injini ikiwa baridi kabisa washa uongeze mafuta kidogo, klachi nzima mara nyingi inanguruma dakika moja hivi halafu inatulia, maana oili ilijikusanya usiku. Ukiona haingurumi kabisa weka akilini. Baadaye endesha mpaka injini iwe moto sawasawa, izime, toa funguo, halafu sukuma feni kwa mkono: inatakiwa ikatae, iende nusu mzunguko au mzunguko mmoja isimame, ikizunguka yenyewe raundi kadhaa kama haijashikwa na kitu basi klachi imekwisha. Shika ncha ya panga uitingishe mbele na nyuma, ikicheza beringi imeondoka (hakikisha ni ya klachi na sio ya pampu ya maji, hizi zinadanganyana). Angalia pia kama kuna michirizi ya oili iliyoshika vumbi kutoka katikati kwenda nje. Kipimo cha mwisho ndo kikali zaidi, mshale ukianza kupanda kwenye foleni panda mzunguko wa injini mpaka 2500 kwa dakika usikilize, klachi nzima ikiwa moto inatoa mngurumo kama lori linapita pembeni, ukisikia kimya huku mshale unapanda umeshapata jibu lako. Na tafadhali mkono usiukaribishe feni injini ikiwaka, wala usijaribu ile ya kuzuia feni kwa gazeti lililokunjwa, nimeona watu wanaishauri, mi siishauri.

Klachi ikiwa mbovu badilisha klachi, na hapo hapo hakikisha lile kava la plastiki linalozunguka feni lipo na halijapasuka. Pikapu nyingi zilizokwisha kufunguliwa fungua injini hilo kava halipo, fundi aliliona kero akalitupa, na bila hilo feni inazungusha upepo ule ule wa ndani ya boneti badala ya kuvuta wa nje kupitia rejeta. Nadhani nusu ya kesi kama yako zinaishia hapa.

Sasa kwanini naogopa feni ya umeme kwako wewe hasa. Chukua feni nzuri ya umeme inayokula ampea 30. Kwa volti 13.5 hiyo ni wati 405. Hosipawa moja ni wati 746, kwahiyo hiyo feni ina nusu hosipawa na kidogo, basi, haina zaidi. Feni ya mkanda ya pikapu ikishika kwenye mzunguko wa juu inakula hosipawa 5 na inaweza kwenda 10 au zaidi, na hizo zote zinageuka upepo na kelele. Ukitaka hosipawa 5 kwa umeme unahitaji ampea kama 276, na alteneta yako ni ya 80. Ndo maana wanaokwambia feni ya umeme "inavuta zaidi" inabidi uwaulize, inavuta zaidi lini?

Maana kuna wakati kweli inavuta zaidi. Gari ikiwa imesimama injini iko 700, feni ya mkanda inazunguka polepole kufuata injini, na nguvu ya feni inapanda kwa mzunguko mara tatu ya kujizidisha yenyewe, yaani mzunguko ukiongezeka mara mbili nguvu inayohitajika ni mara nane. Kwahiyo chini kule feni ya mkanda ni dhaifu sana, na ya umeme haijali injini iko ngapi, inapewa umeme inakimbia mwendo wake ule ule. Kwenye foleni, feni ya umeme ndo inashinda. Geuza sasa: umepakia, uko mlimani gia ya chini, unapanda polepole, injini iko 3500. Upepo wa mwendo hakuna, na injini inatoa joto la kufa mtu. Kukadiria tu, nishati ya mafuta theluthi inakuwa kazi, theluthi inatokea kwenye ekzosti, theluthi inaingia kwenye maji, kwahiyo kadri injini inavyofanya kazi ndo maji yanavyopokea joto la kiasi hicho hicho hivi. Hapo feni ya mkanda iko kwenye ubora wake, imeshika na inazunguka na injini, ile ya umeme bado ina nusu hosipawa yake ile ile ya kwenye foleni.

Kwahiyo ukiing'oa leo, wiki nzima utaona mambo safi, foleni haichemshi tena, utamsifu fundi. Siku ya mzigo na mlima ndo itakuumbua. Na klachi iliyokuwa mbovu hutajua kamwe kama ilikuwa mbovu, utajua tu kwamba umetumia hela na bado gari inachemsha, ila sasa inachemshia mahali pabaya zaidi.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Chevrolet Silverado 1500 zilihamia feni za umeme kuanzia toleo la 2005 hivi, lakini ndugu zao wa kazi nzito, zile 2500HD, ziliendelea na feni ya injini yenye klachi. Kampuni ile ile, miaka ile ile, tofauti ni mzigo. Na kwa wenye malori makubwa kabisa wanaosoma hapa wakijiuliza kama na wao inawahusu: feni ya lori inaweza kula hosipawa 40, yaani karibu kilowati 30, kwa mfumo wa volti 24 hiyo ni zaidi ya ampea 1000. Haiwezekani, sahau. Huko dawa ni klachi ya upepo wa kompresa au ya oili inayoachia feni pale isipohitajika, na muda mwingi wa safari inakuwa imeachia.

Habari ya mafuta. Kama gari yako ingekuwa na feni ya zamani iliyofungwa moja kwa moja bila klachi, ungeona tofauti kweli, maana ile inakula nguvu muda wote hata ukiwa kwenye mwendo ambapo haihitajiki. Ila yenye klachi ikiwa nzima tayari inateleza muda mwingi, unachookoa ni kidogo, na sehemu ya hicho unairudisha kwa alteneta, ambayo nayo inapoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa kwenye kuigeuza umeme. Ukisikia mtu anasema mafuta yamepungua robo, huyo au klachi yake ilikuwa imeganda imeshika muda wote, au kapunguza mguu.

Kuna njia ya kati ambayo kwa matumizi yako naipenda zaidi. Acha feni ya mkanda na klachi mpya, halafu kama AC haipoi vizuri kwenye foleni ongeza feni moja nyembamba ya umeme mbele ya kondensa (ile rejeta ya AC inayokaa mbele ya rejeta ya maji), inayosukuma upepo kwenda ndani, iwake pamoja na kompresa ya AC. Ampea 10 hivi, alteneta haishtuki. Feni ya mbele inaziba kidogo upepo wa mwendo ndo maana isiwe kubwa, na feni ya mbele peke yake bila ya nyuma usiitegemee kupoza injini.

Basi tuseme umesoma yote na bado unataka ya umeme, labda gari imepunguziwa kazi, au unavuka sana maji ya kina, na hiyo ni sababu ya maana sana kwangu, kwa sababu feni ya mkanda ikiingia majini mapanga yanaweza kupinda kwenda mbele yakachana rejeta, wakati ya umeme unaizima kwa swichi kabla hujaingia. Sawa. Fanya ifuatavyo.

Feni usinunue kwa namba ya upepo iliyoandikwa kwenye boksi. Namba hizo mara nyingi zimepimwa feni ikiwa hewani haina kitu mbele yake, ukiiweka nyuma ya rejeta nene na kondensa inashuka vibaya. Angalia ampea, maana upepo haupatikani bure, feni inayodai upepo mwingi kwa ampea 12 inakudanganya. Chaguo zuri mara nyingi ni feni ya kiwandani iliyotolewa kwenye gari nyingine yenye injini kubwa, ikiwa na kava lake. Huko Marekani watu wamekuwa waking'oa feni ya Ford Taurus yenye injini ya lita 3.8 miaka na miaka kwa kazi hii, ina spidi mbili na inavuta kikweli, ila inakula umeme zaidi ya ampea 30 kwenye spidi ya juu. Pima upana na urefu wa rejeta yako, na muhimu kuliko vyote pima nafasi kati ya rejeta na pua ya pampu ya maji ukishatoa feni ya zamani, maana mota ya feni ndo inakaa hapo katikati.

Kava ni nusu ya kazi. Feni ya duara iliyobandikwa kwenye rejeta bila kava inavuta upepo pale tu ilipo, pembe zote za rejeta zinabaki zimelala. Kava lifunike rejeta yote, likae mbali nayo kidogo sentimita chache, pembeni uzibe kwa mpira, na kama linafunika eneo kubwa liwekee vipande vya mpira vinavyofunguka vyenyewe upepo wa mwendo ukija, la sivyo kwenye mwendo kasi kava lenyewe linakuwa ukuta. Na zile nyuzi za plastiki zinazopitishwa katikati ya mapezi ya rejeta kufunga feni, kataa kata kata, zinasugua mpaka zinatoboa. Tengeneza mabano ya bati ushike kwenye fremu ya rejeta.

Kutoa feni ya zamani: kama klachi imefungwa kwa nati moja kubwa kwenye pampu, uelekeo wa kufungua unategemea injini, hakikisha kwanza kabla hujaongeza bomba kwenye spana. Kama ni nati nne ndogo, angalia vizuri, kwenye injini nyingi nati hizo hizo ndo zinashika puli ya pampu ya maji, ukitoa feni puli inabaki inaning'inia na boliti zake ni ndefu mno. Tafuta fupi za uzi ule ule au weka ringi za kutosha, puli ikae imebana. Hili watu wanalisahau wanashangaa mkanda unaruka.

Umeme. Feni ikianza kuzunguka inavuta mara mbili mpaka tatu ya ampea zake kwa muda mfupi, kwahiyo feni ya ampea 30 ipewe fyuzi ya 40 au 50, waya usipungue milimita 6 za mraba na ukienda 10 hujakosea, rilei (swichi inayowashwa kwa umeme mdogo kupitisha umeme mkubwa) ya ukweli ya ampea 40 kwenda juu. Fyuzi ikae karibu na betri, sio karibu na feni. Pini za rilei zina namba: 30 inatoka kwenye betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye feni, 86 inachukua umeme unaokuja funguo ikiwa imewashwa, 85 inaenda kwenye swichi ya temprecha inayoishusha kwenye ethi. Feni mbili ziwe na rilei mbili na fyuzi mbili, moja ikifa ufike nyumbani na nyingine. Ethi ya feni iwe nene sawa na waya wa chanya na ishike mahali palipokwanguliwa rangi. Ukimaliza, feni ikiwa inazunguka weka multimita kati ya chanya ya betri na chanya ya feni, ikizidi nusu volti kuna mahali umeme unapotelea, halafu rudia upande wa hasi.

Alteneta piga hesabu mwenyewe. Injini, pampu ya mafuta na kompyuta weka ampea 15, taa 12, feni ya ndani ya kabini kwenye namba ya juu 15 mpaka 20, klachi ya kompresa 4, waipa 5. Hapo umeshapita 50. Ongeza feni 30. Unagusa 80 zote, na alteneta ya 80 injini ikiwa imetulia haitoi 80, inatoa theluthi mpaka nusu hivi. Yaani usiku, mvua, foleni, AC, unakula betri. Kwahiyo bajeti ya feni ihesabu na alteneta kubwa ndani yake, kama haitoshi kwa vyote viwili basi haitoshi.

Temprecha ya kuwasha ndo mahali panapoharibiwa zaidi. Thamostati yako ikifunguka kwa nyuzi 82 inakuwa wazi yote karibu nyuzi kumi juu yake. Ukiweka feni iwake kwa 80 itazunguka toka asubuhi mpaka jioni na haitaishusha chini ya hapo kamwe, maana thamostati ndo bosi wa temprecha ya chini. Sensa ikiwa upande wa maji yanayotoka kwenye injini, iwake kwa 93 hivi izime kwa 87 au 88. Ikiwa kwenye tanki la rejeta upande wa maji yaliyopoa, namba zishuke. Sensa za kuchomeka kati ya mapezi ya rejeta sizipendi, zinasoma hewa. Na weka waya mwingine wa kuwasha feni kila kompresa ya AC inaposhika, kazi hiyo feni ya mkanda ilikuwa inakufanyia bila kuambiwa.

Halafu weka taa ndogo kwenye dashibodi inayowaka feni ikipata umeme, na swichi ya kuiwasha kwa lazima. Klachi ya feni inakufa polepole inakupa miezi ya dalili, feni ya umeme inakufa na fyuzi moja au brashi moja na huna habari mpaka mvuke utoke. Taa itokane na waya wa feni baada ya rilei. Mapanga yasiyozunguka huku taa inawaka, mota imekufa, taa isiyowaka huku mshale umepita katikati, ni fyuzi, rilei au sensa.

Kabla ya kupakia mzigo jaribu kwa hatua: kwanza isimame na AC yote dakika ishirini, feni inatakiwa iwake na kuzima, sio iwake moja kwa moja. Halafu mlima bila mzigo. Halafu mlima na nusu ya mzigo, jicho kwenye mshale, na uwe na mahali pa kusimama. Feni ikiwaka isizime na mshale ukaendelea kupanda, hapo umefika mwisho wa nusu hosipawa yako, zima AC, washa hita ya kabini yote na feni yake, punguza mguu, shuka gia moja pampu izunguke. Usizime injini ghafla wala usifungue mfuniko wa rejeta.

Feni ya zamani, klachi na zile boliti ndefu usimpe fundi. Funga pamoja weka stoo, na klachi kama bado nzima isimamishe wima vile inavyokaa kwenye injini, ukiilaza oili ya silikoni inaweza kuhamia kwenye beringi na siku utakapoirudisha utakuta imekufia rafuni.